Nishani ya Dereva wa Boza

Jeshini walimwita Taratibu, na jina hilo halikuwa la sifa. Alilipata wiki ile ile aliyofika kwenye kikosi cha usafirishaji, siku alipotumwa kupeleka mchanga kambi ya jirani akarudi wenzake wamekwisha kula, wameosha vyombo na wamekaa wanacheza karata. Mmoja akamuuliza kama gari lilikuwa linasukumwa.

"Halikusukumwa," akajibu. "Lilikuwa linaheshimiwa."

Walicheka mpaka karata zikawaanguka. Lakini mkuu wa karakana aliona jambo jingine: gari la Taratibu halikuwa likirudi na springi iliyokatika wala tairi lililochanika. Kwa hiyo alipohitaji mtu wa kukabidhiwa boza jipya, lori la tangi la kubebea maji, hakutafuta mbali.

Taratibu alikuwa amekwisha oa kabla ya kuvaa magwanda. Mkewe alikuwa fundi cherehani. Mashine yake aliiweka chumba cha mbele, ubavuni mwa dirisha, ili apate mwanga wa bure na habari za mtaa kwa wakati mmoja. Mdogo wa kiume wa huyo mke naye aliingia jeshini baadaye kidogo, na huko akaitwa Mjusi, maana hakuna kitu kilichosimama wima asichoweza kukipanda. Nguzo, ukuta, mnara wa redio, yeye alipanda tu, tena huku akiongea. Alikuwa na maneno ya kutosha watu watatu. Wakampanga awe utingo wa boza, msaidizi wa shemeji yake, na kambi nzima ikasema hapo sasa pamepatikana mizani: mmoja hasemi, mwingine hanyamazi.

Vita vilipotangazwa, wote wawili walipewa ruhusa ya kwenda kuaga. Mama mkwe hakulia. Alimshika Taratibu mkono mlangoni akauficha ndani ya mikono yake miwili.

"Huyu mtoto nimekupa wewe," akamwambia.

"Nimesikia, mama."

Mjusi akachungulia kutoka nyuma ya bega la mama yake. "Mama, mwambie basi aongeze mwendo kidogo. Kwa uendeshaji huu vita vitaisha hatujafika."

Hawakuchelewa. Vita viliwasubiri.

Kulikuwa na kilima ambacho jeshi lao lilikuwa limekishika, na kombania nzima ilikuwa imekaa juu yake kwenye mahandaki. Adui alikuwa kwenye safu ya vilima ya ng'ambo, bonde likiwa katikati. Hakuweza kukipanda kile kilima, lakini aliweza kukifungia. Njia ya kwenda juu ilikuwa moja tu, ya udongo mwekundu uliosagika kuwa unga, nayo ilipita ubavuni mwa kilima upande unaotazama bonde. Chakula cha makopo kilikuwapo huko juu. Risasi zilikuwapo. Kilichokuwa kimekwisha ni maji. Sauti ya kapteni wao kwenye redio ya upepo ilikuwa imebadilika, ikawa ya mtu ambaye ulimi umemganda kwenye kaakaa. Alisema majeruhi wameanza kulamba umande kwenye maturubai.

Boza la kwanza lilijaribu kupanda alfajiri, kwa kasi yote iliyokuwa kwenye injini. Vumbi likanyanyuka nyuma yake kama moshi wa tanuri, na adui akawa hana haja ya kulitafuta gari. Alilenga mbele ya vumbi. Kombora la tatu lilitosha. Boza la pili lilijaribu gizani, taa zimezimwa, likakosa kona na kubiringika bondeni pamoja na watu wake.

Asubuhi iliyofuata meja wa kikosi aliwasimamisha madereva mbele ya karakana akauliza nani yuko tayari. Kila mtu akayaona mabuti yake kuwa kitu cha kutazamwa. Taratibu alikuwa ameshika darubini aliyoazima kwa mlinzi, na alikuwa akiitazama ile njia tangu kulipopambazuka.

"Afande," akasema, "wale wanapiga gari au wanapiga vumbi?"

"Una maana gani?"

"Vichaka vya pembezoni vinaificha njia karibu yote. Kutoka ng'ambo hawalioni gari. Wanaona vumbi. Nikienda na gia ya kwanza, polepole kama mtu anayetembea, vumbi halitapanda juu ya vichaka."

"Injini wataisikia."

"Mlio wa bondeni unarudi kila upande. Watasikia, lakini hawatajua upo wapi. Watapapasa kwa risasi."

"Na risasi ya kupapasa haiui?"

"Inaua, afande. Ila siyo sawa na ya kulengwa."

Ndipo Mjusi akapenyeza kichwa kutoka mstari wa nyuma. "Na tangi likitobolewa? Tutafika juu tumebeba bati?"

Mjusi akajijibu mwenyewe. Alikwenda akaomba mpini wa ufagio, akaukata vipande, akavichonga ncha, na kila kimoja akakivisha kipande cha mpira wa tyubu. Akajaza mfuko. Yeye angekaa nje, kwenye ngazi ya tangi, na kila tundu ambalo lingefunguka angelipigilia kizibo kwa nyundo. Walikubaliana ishara, kwa sababu kutoka kwenye ngazi mpaka kwenye usukani sauti isingefika: kugonga bodi mara moja ni simama, mara mbili za haraka ni ongeza mwendo.

"Na ya kusema punguza?" Taratibu akauliza.

"Wewe upunguze nini, shemeji? Ukipunguza hapo tunarudi nyuma."

Waliondoka jua limekwisha panda. Mwanzo wa njia ulikuwa mtulivu kiasi kwamba Taratibu alisikia ndege. Alikuwa ameondoa vioo vya milango visije vikamrukia usoni. Mguu wa kulia aliuweka juu ya pedali ya mafuta kwa wepesi, kama mtu anayekanyaga sakafu ya chumba chenye mtoto aliyelala, na kila mara alikitazama kioo cha pembeni. Nyuma ya magurudumu vumbi lilinyanyuka kimo cha mbwa, likazunguka, likalala. Injini iliunguruma kwa shida. Mshale wa joto ulianza kupanda.

Risasi za kwanza zilipita juu kabisa, zikakata majani. Zilizofuata zilichimba njia mbele yao. Kisha akasikia nyuma yake mlio kama wa mtu aliyegonga sufuria kwa kijiko, na papo hapo nyundo ya Mjusi, ko, ko, ko. Sufuria ikagongwa tena. Nyundo ikajibu.

"Shemeji," Mjusi alipaza sauti mpaka ikapenya, "hili tangi limekuwa chujio!"

Taratibu alikuwa ameshikwa masikio na jambo jingine: maji. Tangi lililojaa halina sauti. Sasa lilikuwa limeanza kusema. Kila tairi lilipopanda jiwe, maji yaligonga ukuta wa tangi kwa mlio mzito, na kila baada ya muda mlio ule ulizidi kuwa mwepesi. Alijua bila kutazama kwamba yanakimbia.

Matundu ya upande wa kilima, ya risasi zilizopenya mpaka huko, Mjusi aliyaweza. Lakini risasi ziliingilia upande wa pili, upande wa bonde, na huko ndiko maji yalikokuwa yakimwagika zaidi. Taratibu alisikia mabuti yakipita juu ya tangi. Mjusi alikuwa amevuka. Sasa mwili wake ulikuwa upande wa adui, na kati yake na bunduki za ng'ambo palikuwa na vichaka tu.

Hapo ndipo ishara zilipoanza. Bodi iligongwa mara mbili za haraka. Ongeza mwendo.

Mguu wa Taratibu ulisikia kabla ya kichwa chake. Ukashuka kidogo, na kwenye kioo cha pembeni vumbi likanyanyuka mara moja, likafika kimo cha mtu. Akauondoa mguu. Vumbi likashuka. Kombora likaangukia mahali walipokuwa wamepita, nyuma yao, mawe yakanyesha juu ya boneti.

Bodi ikagongwa tena mara mbili. Na tena. Na tena, bila kupumzika, mpaka ikawa haina hesabu, ni mtu tu anayegonga kwa nguvu zake zote. Jasho lilimwingia Taratibu machoni na hakuthubutu kutoa mkono kwenye usukani kulifuta. Alikuwa akijisemea kwa sauti, "Nakusikia. Nakusikia. Nakusikia." Na mguu haukushuka.

Kisha kugonga kukakoma.

Kimya kile kilikuwa kibaya kuliko risasi. Akaita jina. Akaita tena. Nyundo haikujibu. Alikuwa kwenye mwinuko mkali kuliko yote, amebakiwa na kona moja kabla ya kufika mgongoni mwa kilima ambako risasi hazifiki. Akisimama hapo, gari zito vile haliwezi kuondoka tena bila magurudumu kuzunguka, na magurudumu yakizunguka, vumbi lake litaonekana mpaka kwao nyumbani. Hayo aliyajua. Alijua pia kwamba mama mmoja alimshika mkono mlangoni. Aliendelea kwenda. Mwendo ule ule, gia ile ile, akilia bila kutoa sauti, mpaka kona ikapita na kivuli cha kilima kikalifunika gari.

Alimkuta Mjusi amejifunga kwa mkanda wake wa suruali kwenye ngazi ya upande wa bonde. Mkono wa kushoto ulikuwa unaning'inia kwa vipande vya shati. Vizibo vilikuwa vimemwishia, naye alikuwa ameukandamiza mgongo wake kwenye tundu kubwa, na maji yaliyopenya yalimteremka miguuni yakiwa mekundu. Macho yalikuwa yamefumba. Taratibu alikata mkanda, akamtupa begani, akakimbia naye mpaka kwenye handaki la tabibu.

Kwa maji yaliyosalia tangini, kombania ile ilishikilia kilima mpaka jeshi la akiba lilipofika kuwafungulia njia. Mjusi hakufa. Mkono haukuponyeka, ukakatwa juu ya kiwiko.

Nishani ya ushujaa ilitolewa kwenye uwanja wa gwaride, vita vilipomalizika. Ilikuwa ya shaba, yenye utepe wa rangi mbili, nzito kuliko ilivyoonekana. Mkuu aliyeisoma sifa yake alisema dereva yule, akiwa na utingo wake, aliendesha kwa utulivu usio wa kawaida chini ya moto wa adui. Utingo wake hakutajwa jina. Siku hiyo alikuwa hospitali, akifundishwa kufunga vifungo kwa mkono mmoja.

Baada ya gwaride Taratibu alimfuata meja. "Afande, na ya mwenzangu?"

"Ametajwa."

"Ametajwa, lakini hakuvalishwa."

"Koplo," meja akasema, bila ubaya, "imekuja moja."

Mjusi aliporudi kwa mama yake, Taratibu alikwenda kumtazama. Alikuta kitanda kimesogezwa dirishani na mgonjwa ameegemea mito, amekonda. Mama alitoka akaenda jikoni, akawaachia chumba.

"Nilipogonga," Mjusi akasema, "ulinisikia?"

"Nilikusikia."

"Zote?"

"Zote."

Mjusi akageukia ukutani. Taratibu alikaa kwenye kiti mpaka chai aliyoletewa ikapoa, kisha akaaga, na hakuna aliyemwitikia.

Hivyo ndivyo miaka ilivyopita. Taratibu aliacha jeshi akaajiriwa na kampuni ya ujenzi wa barabara, kuendesha boza la kumwagia maji udongo kabla ya kushindiliwa. Kazi yake, kwa maneno mengine, ilikuwa kulaza vumbi. Mjusi alipata kazi kwenye duka la vitambaa. Alijifunza kuibana fimbo ya kupimia chini ya kipande cha mkono kilichobaki na kukata kwa mkono wa kulia, mstari umenyooka kama umepigwa rula. Wateja walimpenda kwa mizaha yake. Lakini Taratibu alipotokea mlangoni, mizaha ilikatika. "Karibu, mteja," Mjusi angesema, na hilo neno mteja lilikuwa kama mlango uliofungwa kwa adabu.

Aliyeumia zaidi ni mke. Mume ni wake, ndugu ni wake. Alibeba salamu ambazo hazikutumwa na kuleta majibu ambayo hayakutolewa. Nishani aliiweka kwenye kabati la vioo, kati ya bilauri za wageni, akakata kipande cha kitambaa cheusi akailaza juu yake. Kila mara alipofuta vioo aliifuta na yenyewe. Mama mkwe alipokuja kuwatembelea alikaa kiti kinacholipa kabati kisogo. Hakuwahi kuuliza ilivyokuwa. Pengine aliogopa kwamba akiuliza atalazimika kuchagua.

Aliyeuliza ni mtoto. Binti wa Taratibu alikuwa amepewa shuleni kazi ya kueleza habari ya mtu anayemjua, naye akaeleza jinsi baba yake alivyopeleka maji kilimani. Alipigiwa makofi. Jumamosi alikwenda kwa bibi yake, akamkuta mjomba, akamsimulia yote kwa furaha. Mwisho akasema, "Na wewe, mjomba, siku hiyo ulikuwa wapi?"

Mjusi alimpa peremende, akavaa viatu, akatoka.

Jumatatu mke wa Taratibu alirudi kutoka kununua uzi akakuta kabati liko wazi na kitambaa cheusi kiko peke yake. Bilauri hazikuguswa. Jirani alimwambia kwamba aliyeingia ni mdogo wake, tena alimsalimia vizuri tu.

Mchana huo huo Taratibu aliitwa ofisini kwenye eneo la kazi. Simu ilitoka kambini. Sauti upande wa pili ilimwuliza jina, namba yake ya jeshi, na kama nishani yake iko mahali pake.

"Kwa nini?"

"Kuna mtu amekuja getini ameivaa. Tumemshikilia."

Alipewa gari la kampuni limfikishe kambini. Kuvaa nishani ya mtu mwingine ni kosa la kufungwa, na kuiba nishani ni kosa jingine juu yake. Alijua kwamba angeulizwa swali moja, na kwamba jibu lake lingemfunga shemeji yake au kumwachia. Alifika akiwa bado na udongo kwenye mabuti.

Chumba cha polisi wa jeshi kilikuwa na meza, viti vitatu na dirisha la nondo lililotazama uwanja. Nishani ilikuwa juu ya meza. Mjusi alikuwa ameketi wima, shati jeupe, mkono mtupu wa shati umekunjwa na kubanwa kwa pini. Nyuma ya meza alikaa luteni, mwanamke wa makamo mwenye miwani, anayeongea kwa sauti ya chini kama mtu asiyependa kurudia.

"Hii ni yako?" akamwuliza Taratibu.

"Ni yangu."

"Ilitokaje kwako?"

Taratibu hakumtazama Mjusi. "Nilimpa."

"Mwongo," akasema Mjusi. "Nimeiiba. Dada hayupo, nikafungua kabati, nikachukua."

"Nilimwambia achukue wakati wowote."

"Lini? Hatujaongea tangu mkono huu ulipokatwa. Andika hapo, afande, kwamba nimeiba."

Luteni aliivua miwani. "Nimekaa kwenye meza hii muda mrefu," akasema. "Wezi wanaokana nimewazoea. Mwizi anayegombana na shahidi wake ili afungwe, huyu ni wa kwanza." Akamgeukia Mjusi. "Ulikuja getini kwa miguu yako mwenyewe, umevaa kitu ambacho kila askari hapa anakijua. Ulikuwa unataka nini?"

Mjusi alitazama dirishani. Askari walikuwa wakipiga kwata uwanjani, na amri zilisikika kwa mbali.

"Nilitaka kuulizwa," akasema hatimaye.

"Kuulizwa nini?"

"Nilikuwa wapi siku hiyo."

Luteni akarudisha miwani machoni. Akafunga mlango, akaketi. "Nakuuliza. Ulikuwa wapi?"

Akaeleza. Hakuna aliyewahi kuyasikia maneno yale, na Taratibu aliyasikiliza ameshika ukingo wa kiti. Alieleza jinsi bati la tangi lilivyokuwa la moto kwa jua na la baridi kwa maji. Jinsi kila tundu lilivyomtemea usoni. Jinsi alivyovuka juu, akaona ng'ambo mwanga mdogo unawaka na kuzimika kwenye midomo ya bunduki, na akaelewa kwamba ule mwanga unamwangalia yeye.

"Nikagonga bodi. Tulikuwa tumekubaliana. Nikagonga, na gari halikuongeza hata hatua. Nikamtukana huyu kwa majina yote ninayoyajua. Kisha nikatazama nyuma, nikaona vumbi limelala chini. Nikaelewa. Mimi si mjinga, afande. Niliona kwa macho yangu kwamba akinisikiliza tunakufa wote."

"Sasa mbona uliendelea kugonga?" Taratibu akauliza. Ilimtoka tu.

Kwa mara ya kwanza Mjusi alimgeukia. "Nilitaka ujue nipo. Nilikuwa peke yangu kule. Kila nilipogonga nilikuwa nasema nipo. Basi. Hiyo ya mwendo nilikwisha kusamehe hata kabla ya kupigwa. Lakini nilipoacha kugonga, hukusimama. Ulijua nimekufa, na hukusimama kunitazama."

Huko nje kwata lilikuwa limekwisha.

"Sikusimama," Taratibu akasema.

"Kwa nini?"

"Ningesimama pale, gari lisingeondoka tena. Hilo ndilo ningewaambia watu, na ni kweli." Alitafuta maneno, naye hakuwa mtu wa kuyapata upesi. "Lakini nilikuwa na jingine. Niliogopa kuja kukuona. Nilisema, kama nikiendelea kuendesha bado hajafa. Nikisimama nikimwona, amekufa. Nikaendesha."

Mjusi alimkazia macho muda mrefu. Uso wake haukulainika, lakini kuna kitu ndani yake kilichokuwa kimesimama wima miaka yote hiyo, sasa kilionekana kimechoka.

"Kila siku nikipita karibu na duka lako," Taratibu akaongeza, "naangalia kwanza kama mlango uko wazi. Ukiwa wazi najua upo."

Luteni alijikohoza. Alisema sheria haijui nishani ya watu wawili, na kwamba yeye hana uwezo wa kuongeza ya pili. Mwenye nishani hana malalamiko, kwa hiyo wizi haupo. Kuvaa kupo, na kwa hilo anatoa onyo, asirudie. Aliichukua nishani akamkabidhi Taratibu, kama alivyotakiwa kufanya. Kisha akasimama, akavaa kofia yake, na akampigia saluti Mjusi, kamili, mkono ukabaki kwenye kofia mpaka Mjusi alipokumbuka kwamba saluti hurudishwa. Akairudisha kwa mkono wake mmoja. Alikuwa hajaisahau.

Nje ya geti walisimama kandokando kusubiri usafiri. Taratibu alimpa nishani. Mjusi akaitazama kiganjani, akamrudishia.

"Kaa nayo. Imenichoma kifua siku nzima."

"Tuipeleke wapi basi?"

"Mimi sijui. Kwanza twende kwa mama, dada atakuwa amekwisha mtia wazimu."

Na kweli, waliwakuta wanawake hao wawili sebuleni, wamekaa, macho mlangoni. Mke wa Taratibu aliwaona wameingia pamoja, akasimama. Alikwenda kuleta viti, akaleta na ambavyo havikuhitajika.

Mama alimwangalia mwanawe, akamwangalia mkwewe, akakata shauri. "Nielezeni," akasema.

Wakaeleza. Mjusi alisema ya juu ya tangi na Taratibu akasema ya kwenye usukani, na mara mbili tatu walibishana: kona ilikuwa ya kushoto, hapana ya kulia, kombora liliangukia nyuma, hapana, ubavuni. Mjusi alipandisha sauti, na Taratibu naye, jambo lililomshangaza mkewe. Urafiki wao wa kambini haukurudi jioni ile, wala haukurudi wote baadaye. Kuna Jumapili ambazo Mjusi alikuja kula kwa dada yake akakaa bila neno, akaondoka mapema. Lakini alikuja. Na dukani hakumwita tena shemeji yake mteja.

Mama alisikiliza mpaka mwisho, mikono imelala mapajani.

"Na hao watu wa juu," akauliza, "walipopata yale maji, walifanyaje? Nani alikunywa kwanza?"

Taratibu alimtazama Mjusi, na Mjusi akamtazama Taratibu. Mmoja alikuwa amezimia. Mwingine alikuwa anakimbia naye begani, na baadaye aliketi nje ya handaki la tabibu mpaka jua lilipotua.

"Sikuona, mama," Taratibu akasema.

"Wala mimi," akasema Mjusi. "Hatukuona mtu hata mmoja akinywa."